Ndoo ya kunawia irudi mlangoni pa choo

Ndoo za Korona ziko wapi?

Shule zilipofunguliwa Juni 29, 2020, baada ya kufungwa tangu Machi 17, ndoo yenye koki ilikupokea getini hata kwenye shule ya kijijini ambayo haijawahi kuona bomba. Sabuni ilikuwepo. Mwalimu wa zamu alisimama pale na mtoto hakupita bila kunawa. Hatukusikia kwamba fungu halijaingia, wala kwamba kisima kiko mbali. Hofu ilipoingia, maji yalipatikana.

Leo ndoo nyingi ziko stoo, koki zimekatika. Nyingine zimehamia ofisini, zinahifadhi maji ya kunywa ya walimu. Choo kipo, pengine kipya kabisa, kimepakwa rangi na jina la mradi limeandikwa ukutani. Nje ya mlango wake hakuna tone. Mtoto anatoka, anajifuta mikono kwenye kaptula, anakimbilia foleni ya uji, na kikombe anachokishika kitapita kwa wenzake watatu kabla kengele haijalia.

Asiwepo wa kutuambia kwamba mtoto huyo hana elimu ya afya. Anayo. Somo la Kutunza Afya na Mazingira alianza nalo darasa la kwanza. Mwulize ni wakati gani mtu anapaswa kunawa mikono, atakutajia bila kukwama: baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, baada ya kumsafisha mdogo wake. Atakuimbia na hatua zenyewe, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kucha. Kisha mwulize leo amenawa wapi. Atakutazama tu.

Ndiyo maana tunasema mkoa wa Singida hauna haja ya semina nyingine ya usafi shuleni, wala bango jingine, wala kauli mbiu nyingine. Unachohitaji ni maji na sabuni kwenye mlango wa kila choo cha shule, kila siku ya masomo, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina ambaye siku yasipokuwepo ataulizwa.

"Maji hakuna." Hilo ndilo jibu tunalopewa kila mara, na kwa mkoa wetu lina uzito. Singida ni nchi kavu. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka mwaka uzunguke. Mama anayeamka alfajiri kufuata maji bondeni hana haja ya kuhubiriwa kwamba maji ni mali. Lakini tufanye hesabu, maana hesabu tunaifundisha kila siku.

Kwa kibuyu chirizi, yaani dumu lililotobolewa ambalo mtoto huliinamisha kwa mguu, robo lita inatosha kunawa mikono vizuri. Chukua shule yenye watoto 500, kila mmoja anawe mara mbili kwa siku, akitoka chooni na kabla ya uji. Hizo ni lita 250. Hazifiki madumu 13 ya lita 20. Na tayari watoto wa shule zetu nyingi hufika asubuhi na vidumu mkononi. Kila mtoto akileta lita moja tu, zimepatikana lita 500, mara mbili ya zinazotakiwa. Maji yanaingia getini kila asubuhi, tunayaona. Yakishaingia yanamwagilia miche, yanadeki madarasa, yanachemshiwa chai. Hatuna ugomvi na miche wala na chai. Tunataka dumu la kwanza liende kwenye kunawia, na maua ya mbele ya ofisi yasubiri zamu yake.

Kuna na maji yanayotupita juu ya vichwa. Jengo la madarasa lenye paa la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160 za bati. Mwaka wa milimita 600 za mvua, juu ya paa hilo moja huanguka lita 96,000. Ondoa theluthi nzima kwa kumwagika na kuvukiza, unabaki na zaidi ya lita 60,000. Watoto wetu 500, kwa lita 250 kwa siku, hawatamaliza lita 50,000 katika mwaka mzima wa masomo wa siku 194. Tunajua simtanki moja ya lita 5,000 haiwezi kuhifadhi mvua yote hiyo, na kiangazi ni kirefu. Lakini lita 5,000 ni siku 20 za kunawa, mwezi mzima wa shule. Shule ngapi zina bati zuri lisilo na hata futi moja ya mfereji? Mvua inashuka, inachimba msingi wa darasa, inakwenda zake mbugani, na Julai tunaandika barua ya kuomba kisima.

Tena si lazima maji ya kunawa yawe ya kunywa. Baadhi ya visima vya mkoa huu vina floraidi nyingi, na wenyeji wanaijua kwa meno ya kahawia ya watoto wao. Vingine vina chumvi. Kisima cha namna hiyo kikishapimwa na kukataliwa, pampu huachwa ikaota kutu, kana kwamba maji yote ya dunia ni ya kunywa. Floraidi ina madhara kwa anayeinywa miaka mingi, haimdhuru anayenawia mikono. Kwenye maji ya chumvi sabuni itagoma kutoa povu jingi, lakini uchafu utatoka. Liwepo dumu la kunywa lenye maji safi, na dumu la kunawia lenye maji ya kisima hicho, kila moja na alama yake.

Sasa hicho kibuyu chirizi. Kinahitaji miti miwili yenye panda, ichimbiwe ardhini, na ufito mmoja wa kupita juu yake. Dumu la lita tano linatobolewa karibu na mdomo kwa msumari uliopashwa moto, linaning'inizwa kwenye ufito. Kamba inatoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti kilicho chini. Mtoto anakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, mikono haigusi kitu. Chini mwaga kokoto pasiwe tope. Sabuni ya kipande itobolewe na kufungwa kamba, au sabuni ya unga iyeyushwe kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko. Vijiko vichache vinatumika siku kadhaa. Darasa la sita linaweza kutengeneza vibuyu vinne kabla ya saa nne asubuhi. Na huu ni mkoa unaouza mafuta ya alizeti kwenye madumu kando ya barabara kuu, kwa hiyo habari ya kukosa madumu hatutaki kuisikia. Wanaosema ndoo huibiwa wajibiwe hapo hapo: dumu kuukuu lenye tundu halina mwizi.

Faida yake si kuzuia kuhara peke yake. Dodoma na Singida kwa miongo mingi zimekuwa ukanda wa trakoma, ule ugonjwa wa vikope ambao tunao wazee vijijini waliopofushwa nao. Unaanza utotoni. Nzi anatua kwenye tongotongo za mtoto mmoja, anahamia jicho la mwingine, kitambaa kimoja cha khanga kinafuta nyuso tatu, vidole vinamalizia. Maambukizi yakijirudia miaka na miaka, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu, kope zinapinda kuingia ndani na kukwaruza mboni kila mtu anapopepesa. Mtu mzima anayeng'oa kope zake kwa kibano ili apate nafuu, aliambukizwa alipokuwa rika la watoto wetu wa chekechea.

Dawa ipo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano za mwanzo kupokea msaada wa azithromaisini ya kampuni ya Pfizer, mpango ulioanza mwaka 1998. Lakini kabla ya dawa hiyo, majirani zetu wa Kongwa walikwishaonyesha jambo la msingi zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akiwemo Sheila West, walifanya kazi huko na wenzao Watanzania kuanzia miaka ya 1980. Vijiji sita vilipewa mafuta ya tetrasaiklini ya macho. Vitatu kati yake vikaongezewa kampeni ya kuosha nyuso za watoto. Mwaka mmoja baadaye, trakoma kali ilikuwa pungufu kwenye vijiji vilivyoosha nyuso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet. Katika kazi hiyo hiyo ya Kongwa ilibainika pia kwamba watu walidhani kuosha uso kunataka maji mengi kuliko yanavyohitajika kweli. Ukame wa Kongwa ni ukame wetu. Miaka thelathini imepita tangu majibu yachapishwe, na bado mtoto anasimama mstarini na tongotongo.

Na tuseme juu ya huko mstarini. Mwalimu wa zamu anakagua kucha, nywele, kola ya shati. Anayekutwa mchafu anatolewa mbele, au anarudishwa nyumbani, na pengine anachapwa. Anarudi nyumbani kilomita tatu, kwenye nyumba yenye ndoo moja ya maji kwa watu wanane, na siku ya masomo imekwisha. Kibuyu kingekuwa hatua kumi kutoka pale aliposimama, angeosha uso kwa nusu kikombe cha maji na kuingia darasani. Ukaguzi ubaki. Fimbo iondoke, maji yachukue nafasi yake.

Twende kwenye minyoo. Kila siku ya kingatiba tunawaona walimu wakifanya kazi nzuri: mtoto anasimamishwa kando ya fimbo ya kupimia urefu, urefu wake unaonyesha ameze vidonge vingapi vya kichocho, anapewa na cha minyoo, anameza mbele ya mwalimu, jina linawekewa alama. Serikali na wafadhili wanagharamia. Lakini kidonge kinaua minyoo waliomo tumboni siku hiyo. Mayai yaliyoko kwenye udongo unaozunguka choo hakiyagusi, na hayo hukaa yakingoja kwa miezi mingi. Mtoto akimeza dawa saa tatu na kutoka chooni saa nne bila kunawa, ameanza safari upya. Kingatiba bila maji ni kudeki sakafu huku bati linavuja.

Hatusemi jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1973 taifa liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi vya redio, wakajadiliana wakiwa na kitabu. Lakini kikundi hakikuishia kwenye kujadili. Kiliamua kazi na kuifanya: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba choo. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Wengi waliovichimba walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma. Wizara ya Afya imelirudisha jina hilo miaka hii ya karibuni, na tunaiunga mkono, kwa sharti kwamba irudi na kile kilicholipa jina hilo heshima, yaani kazi ya mikono baada ya kusikiliza.

Maana tumezoea siku za maadhimisho. Oktoba 15 ni Siku ya Unawaji Mikono Duniani, Novemba 19 ni Siku ya Choo Duniani. Turubai linafungwa, mgeni rasmi ananawa, watoto wanaimba, picha zinapigwa. Oktoba 16 shule nyingi hazina mahali pa kunawa. Fedha ya turubai hilo ingenunua sabuni ya muhula kwa shule kadhaa, na tunawaomba waandaaji wafanye uamuzi huo mwaka huu bila kungoja waraka.

Fedha nayo tusiikwepe. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kinachofika shuleni ni kidogo na mwalimu mkuu anavutwa kila upande: chaki, mitihani, ukarabati. Hatumlaumu kwa ufinyu huo. Tunachomwomba ni kwamba sabuni iandikwe kwenye matumizi ya mwezi mahali pamoja na chaki, si kwenye kile kitakachobaki. Chaki haijawahi kusubiri kitakachobaki.

Wazazi nao wamejificha nyuma ya neno "bure" vya kutosha. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na ni jambo jema lililowaingiza shuleni watoto wengi waliokuwa wanachunga mbuzi. Haukumkataza baba kuchimbia miti miwili nje ya choo cha mwanawe. Haukumkataza mama kumpa mtoto lita moja ya maji na kipande cha sabuni mwanzo wa mwezi. Kamati ya shule ikiitisha mkutano kwa jambo dogo na la wazi kama hili, na hesabu zikabandikwa ukutani, watu wa Singida wanachangia. Wanachokataa ni kuchangia kitu wasichokiona.

Wasichana wakubwa wana haja zaidi ya kunawa. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na halmashauri zetu zimejitahidi kuhesabu matundu. Msichana wa darasa la saba aliye katika hedhi hasaidiwi na hesabu ya matundu. Anataka mlango wenye komeo kwa ndani, maji ndani ya chumba hicho hicho, na mahali pa kutupa alichotumia. Visipokuwepo anabaki nyumbani siku tatu au nne, na mwezi ujao tena. Fundi wa kijiji anaweka komeo kwa nusu saa.

Anayedhani mambo haya hayawezekani shuleni aangalie chanjo. Mwaka 2018 nchi ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 14 kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Sindano inamfikia msichana wa kijiji cha ndani kabisa cha Itigi kwa sababu ina tarehe, ina orodha ya majina, na yuko muuguzi atakayeulizwa idadi. Kunawa mikono hakuna tarehe, hakuna orodha, na hakuna wa kuulizwa. Kwa hiyo hakufanyiki.

Basi kuwekwe kwenye ratiba. Dakika kumi kabla ya uji, kengele yake igongwe, darasa baada ya darasa, mwalimu wa zamu asimame pale aliposimama mwaka 2020. Kiranja wa afya ahakikishe madumu yamejaa kabla ya mstari wa asubuhi, na kazi hiyo izunguke kwa wavulana na wasichana sawasawa. Tumechoka kuona wasichana peke yao wakitumwa maji. Mwalimu wa afya awe na daftari lenye mistari miwili kwa siku: maji yalikuwepo au hayakuwepo, sabuni ilikuwepo au haikuwepo. Bwana afya wa kata apite mara moja kwa mwezi asaini. Mtendaji wa kijiji alisome kwenye mkutano wa kijiji, maana hao wanaohara ni watoto wa waliokaa mbele yake.

Wakurugenzi wa halmashauri zote za mkoa, kuanzia Manispaa hadi Itigi, wanaweza kutoa maelekezo haya kwa barua ya ukurasa mmoja kabla ya muhula kuanza. Hakuna zabuni ya kutangaza. Hakuna mfadhili wa kungoja.

Na wathibiti ubora wa shule wabadili mahali pa kuanzia. Wakifika, kabla ya kitabu cha wageni na kabla ya chai, waende chooni, wakanyage kijiti cha kibuyu waone kama maji yanatoka, washike sabuni kama ina unyevu. Pasipo na maji, hilo liandikwe ukurasa wa kwanza wa taarifa, na nakala iende kwa diwani siku hiyo hiyo.